Tamko la Wasioona wa Mombasa Bara kuhusu Nukta Nundu na Lugha Zetu

Sisi wanachama, wasioona na wenye uoni hafifu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na walimu na wazazi wanaoshirikiana nasi, tumekutana Likoni leo tarehe 4 Januari, Siku ya Breli Duniani, tukakubaliana kutoa tamko hili kwa umma. Tunalielekeza kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kwa wakuu wa hospitali, shule, benki, mahakama na vivuko, kwa maimamu na wachungaji, na hasa kwa mafundi wa vibao na wachapaji, kwa sababu mkono wao ndio wa mwisho kukishika kibao kabla hakijafika mlangoni.

Tunalotaka kusema ni hili. Nukta nundu, yaani breli, ni mwandiko. Hakuna taifa linalozungumza breli, na hakuna mtoto aliyezaliwa akaitwa kwa breli. Anayetaka kutuandikia lazima ajiulize kwanza anatuandikia kwa lugha gani, kisha aiandike lugha hiyo kwa kanuni zake yenyewe. Hilo halifanyiki huku bara, na limetufikisha mahali ambapo kibao kinawekwa kwa ajili yetu, kinalipiwa, kinapigwa picha, na bado hatukisomi.

Miezi michache iliyopita tulialikwa kuvigusa vibao vipya vya ofisi moja ya umma. Hatutaitaja, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema na kosa lake tumelikuta kwingine pia. Kwenye meza ya kujiandikisha palikuwa na kibao kilichosema kwa wino "Andika jina lako", na chini yake nukta. Aliyetangulia kukigusa alikuwa mwenzetu, mama mtu mzima wa Mtongwe aliyepotewa na macho ukubwani. Mama huyu alijifunza nukta nundu kwa haja moja tu, apate kuusoma Msahafu kwa kidole chake mwenyewe, na herufi anazozijua ni za Kiarabu. Akapapasa, akanyamaza, akarudi mwanzo, kisha akasoma kwa sauti: shadda, swadi, ye, kafu, alifu. Akauliza, "Hapa pana neno gani, wanangu?" Wenzake tuliosomeshwa kwa Kiingereza tukapapasa baada yake, tukasema pameandikwa "Andika".

Hakuna kati yetu aliyekosea. Tunaomba wasomaji wenye macho watupe nafasi tueleze, kwa sababu ndani ya neno hilo moja umo msingi wa tamko lote.

Seli moja ya breli ina nafasi sita za nukta, safu mbili za tatu tatu. Safu ya kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni nukta 1, 2 na 3. Ya kulia ni 4, 5 na 6. Ukizipanga kwa kila namna utapata maumbo 63, na maumbo hayo 63 ndiyo yanayogawanywa kwa lugha zote za dunia, Kichina, Kihindi, Kiarabu, Kifaransa, Kiswahili. Hakuna mengine. Kwa hiyo umbo lile lile hubeba mizigo tofauti kila linapovuka mpaka. Chukueni nukta 1 na 6. Kwa Mfaransa hiyo ni a yenye kofia. Kwa Mjerumani ni "au". Kwa msomaji wa Kiingereza cha vifupisho ni "ch". Kwa Mwarabu ni te ya mviringo, ile te marbuta inayokaa mwisho wa neno. Nukta 2, 3, 4 na 6 kwa Mfaransa ni e yenye mkwaju wa kushuka, kwa Mwingereza ni neno zima "the", na kwa msomaji wa Kiarabu ni dhali. Huko Japani, ambako Ishikawa Kuraji alikitengenezea Kijapani mpango wake ukakubaliwa mwaka 1890, nukta 1 na 2, ambayo kwetu ni b, ni irabu i.

Fundi wa kibao kile aliingiza maneno ya Kiswahili katika programu iliyopangwa kwa Kiingereza. Kiingereza cha vifupisho kina alama moja ya neno "and", yaani nukta 1, 2, 3, 4 na 6. Programu ikaona a, n, d zimefuatana mwanzoni mwa "andika", ikazifuta zote tatu, ikaweka alama hiyo moja. Umbo hilo hilo katika Kiarabu ni swadi. Mbele yake programu iliweka nukta 6, ambayo katika Kiingereza hutangaza herufi kubwa. Katika Kiarabu, lugha isiyo na herufi kubwa, nukta 6 ni shadda. Ndiyo sababu mama wa Mtongwe alisoma kama alivyosoma. Alisoma sawasawa, herufi kwa herufi, kitu ambacho hakikuandikwa kwa ajili yake.

Na kinachotuuma zaidi ni kwamba lau neno hilo lingeandikwa kikamilifu, a, n, d, i, k, a, angelisoma. Alifu ya breli na a ni umbo moja, nukta 1. Nuni ni n. Dali ni d. Ye ni i. Kafu ni k. Mama angepapasa alifu, nuni, dali, ye, kafu, alifu, na neno "andika" lingemjia bila kumuuliza mtu. Mkato wa herufi tatu ndio uliomfungia mlango.

Ulinganifu huo haukuja kwa bahati. Louis Braille alizaliwa Coupvray, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1809, akajichoma jicho kwa msumari wa kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na miaka 3, na alipofika miaka 15 alikuwa amekwisha kuupata mpango wa nukta sita. Aliutangaza kwa kitabu mwaka 1829. Aliupanga kwa ajili ya Kifaransa, na ndiyo maana w haimo katika mpangilio wake wa kwanza wa a mpaka z. Kifaransa hakikuihitaji, ikaongezwa baadaye. Mpango ulipotoka Ufaransa kila nchi iliushika ilivyotaka. Wengine walifuata mpangilio wa Braille, wengine walijipangia upya, na kuna lugha zilizojikuta na breli mbili au tatu zinazogombana. Mwaka 1949 India, iliyokuwa na mipango kadhaa kwa lugha zake nyingi, iliomba msaada wa UNESCO. Kazi ilikabidhiwa Clutha Mackenzie wa New Zealand, mwanajeshi aliyepoteza macho katika vita vya Gallipoli. Mikutano ikafanyika Paris mwaka 1950 na Beirut mwaka 1951, na kitabu cha kwanza cha kuonyesha breli za dunia kikatoka mwaka 1953.

Walichokubaliana kinafaa kujulikana na kila fundi wa Mombasa: sauti inayofanana ipewe alama inayofanana, kadiri inavyowezekana, hata kama herufi za wino hazifanani hata kidogo. Be ya Kiarabu na b ya Kizungu hazina sura moja kwa macho, lakini kwa kidole ni ndugu pacha. Shini na "sh" ya Kiingereza ni umbo moja. Ghaini na "gh" ni moja. The ya nukta tatu na "th" ni moja. Wau na w ni moja. Walikubaliana pia kwamba Kiarabu cha breli kisomwe kutoka kushoto kwenda kulia kama lugha nyingine zote. Na hapa kuna jambo linalowafurahisha watoto wetu: anayeandika kwa sleti na kichomeo huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa anachoma nukta kwa nyuma ya karatasi, kisha huigeuza na kusoma kutoka kushoto. Mtoto wa Likoni anayeandika hesabu yake kwa sleti, mkono wake unakwenda kama kalamu ya mwanachuo wa zamani.

Watu wa pwani hawana udhuru wa kushangazwa na habari hizi. Neno lenyewe "nukta" tulilijua kabla breli haijazaliwa. Mtoto wa chuoni alifundishwa kwamba be ni nukta moja chini, te ni mbili juu, the ni tatu juu, na kwamba ukikosa nukta umekosa neno. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo kwa asili yake hazikuwa na p wala v wala ch. Katika hati nyingi za zamani p ikavaa vazi la b, na msomaji akalazimika kujua Kiswahili vizuri ndipo aipambanue "pwani" na "bwani". Baadaye Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimsaidia William Taylor kuyakusanya mashairi hayo na kuyaeleza, na mwaka 1940 yakatoka kitabuni kwa herufi za Kirumi katika Diwani ya Muyaka ya William Hichens. Maneno ni yale yale, yalibadilisha mavazi mara mbili. Wazee wetu walijua kwamba mwandiko ulioazimwa lazima ushonwe upya ili uikae lugha. Sisi tunaomba hekima hiyo hiyo itumike kwenye vidole vyetu.

Hatusemi kwamba anayejua breli ya Kiarabu atasoma Kiswahili kizima bila kufundishwa. Ziko tofauti. Alama ya e ndiyo kasra. Alama ya o ndiyo alifu maksura. Alama ya v ndiyo lamu-alifu, na p mama yetu hakuwahi kukutana nayo. Apostrofi ya ng' katika "ng'ombe" na "ng'ambo" ni nukta 3, na nukta 3 kwa Kiarabu ni hamza. Jambo hili tunalipenda, maana vyote viwili huandikwa kwa alama ndogo na vyote hubadilisha maana ya neno. Tofauti hizo ni chache na mtu mzima mwenye nia huzishika kwa muda mfupi. Mama wa Mtongwe alizishika. Kinachomshinda ni vifupisho vya Kiingereza vilivyomwagwa juu ya Kiswahili.

Tumekusanya mifano mingine kutoka vibao tulivyovigusa bara. "Karibu" imeandikwa kwa kifupisho cha "ar", na kwa msomaji wa Kiarabu ree imetoweka, mahali pake pana alifu yenye madda. "Ofisi" imeanza kwa kifupisho cha "of", ambacho ni aini. "Thelathini" imeanza kwa alama ya "the", ambayo ni dhali. Mtu aliyepotewa na macho mwaka jana, ambaye ndiyo kwanza anazijua herufi kamili za Kiswahili, hasomi chochote kati ya hivyo. Anakutana na maumbo ambayo hakufundishwa, anadhani kidole chake kimekufa ganzi, anaondoa mkono. Tumewaona watu wazima wakiacha kujifunza kwa sababu ya kibao kimoja cha namna hiyo. Hatulisemi hili kwa wepesi.

Yako na makosa mengine, ambayo mengi yake hayahusu lugha, na tutayapitia haraka. Kibao kilichogongomelewa juu chini, mpaka w ikawa r. Tarakimu zilizoandikwa bila alama ya namba. Nukta zinazoandika 4 ni zile zile zinazoandika d, kwa hiyo chumba 4 kimekuwa chumba d. "Dirisha B" iliyoachwa hivyo hivyo, wakati b peke yake katika Kiingereza cha vifupisho husimamia neno lenye maana ya "lakini", na mgonjwa akaambiwa aende Dirisha Lakini. Nukta zilizochapwa kwa wino na kufunikwa plastiki laini, zikawa picha ya breli kwa wanaoona. Nukta huinuka karibu nusu milimita. Kutoka nukta hadi nukta ndani ya seli ni milimita 2.5 hivi, na kutoka seli hadi seli ni milimita 6 hivi. Ukizikuza zipendeze, kidole hakizikusanyi tena kuwa herufi.

Tunajua swali linalokuja. Simu siku hizi inasoma kwa sauti, breli ya nini? Sauti tunaitumia, na tunawashukuru walioitengeneza. Lakini sauti haikuonyeshi kama neno lina z au dh, haikufundishi pa kuweka apostrofi, na haimsaidii mtu aliyesimama mbele ya milango miwili ya choo akitaka kujua upi wa wanawake. Barua ya mahakama au majibu ya hospitali si mambo ya kusikilizwa kwenye foleni. Mtoto aliyekulia kwenye sauti peke yake anaijua lugha kwa masikio, na siku ya mtihani wa insha ndipo inapoonekana.

Watoto ndio tunaowafikiria zaidi. Hapa Likoni ipo shule ya wasioona, na watoto wake wanatoka pwani nzima. Mtoto wa darasa la juu anasoma Kiingereza cha vifupisho asubuhi, Kiswahili baada ya hapo, hesabu kwa alama zake, na kama ni Mwislamu anasoma Kiarabu jioni. Kidole kile kile, maumbo yale yale 63, na kila baada ya saa chache maana zinageuka chini yake. Nukta 1, 4 na 6 zinabaki "sh" na shini, anapumua. Nukta 1, 2, 4 na 6 alizozisoma asubuhi kama "ed" ni dhwadi jioni. Mwalimu anayejua breli moja tu atamwona mtoto huyo ni mzito wa kichwa. Anayezijua zote mbili ataona kazi kubwa inayofanywa na kichwa kidogo, na atamwambia mapema ni lugha gani wanaingia. Tunaomba walimu wa shule na walimu wa madrasa wakae meza moja, angalau mara moja kila muhula, waandike ukurasa mmoja unaoonyesha alama zinazopatana na zinazotofautiana. Sisi tutautoa kwa nukta.

Lugha za bara haziishii hapo. Likoni wanasema Kidigo, Kisauni Kigiriama, Changamwe utasikia Kikamba na Kidholuo kabla hujafika stendi. Kwa Kidigo na Kigiriama kazi ni nyepesi, kwa kuwa herufi za kawaida zinatosha. "Madzi" ni m, a, d, z, i. Kikamba kina irabu saba, na i na u zenye wimbi juu yake hutofautisha maneno. Zikiandikwa bila wimbi, bibi wa Changamwe anayesoma kitabu cha nyimbo za kanisani anapewa neno lingine. Tunayaomba makanisa yanayotoa vitabu kwa lugha hiyo yasikubali wachapaji wazifute alama hizo kwa kuona ni mapambo.

Hatuvikatai vifupisho. Kitabu cha breli ni kinene na kizito. Ukurasa wa mashine ya Perkins hauzidi mistari 25 ya seli 42, na riwaya ya kutia mfukoni kwetu hujaza mkoba. Kifupisho kinaokoa karatasi na muda wa anayekijua. Kiswahili nacho kina vifupisho vyake, vilivyopangwa kwa kufuata maneno yake, na mwanafunzi aliyevisoma apewe vitabu vya namna hiyo. Tunachokikataa ni kifupisho cha lugha moja kuvishwa lugha nyingine, na kifupisho cha aina yoyote kuwekwa ukutani. Kitabu kina msomaji wake aliyekichagua. Ukuta unasomwa na yeyote, mzee, mtoto wa mwaka wa kwanza, mgeni kutoka Tanga au Unguja. Hata wanaojua Kiingereza hawajui Kiingereza kimoja. Mwaka 2004 baraza la kimataifa la breli ya Kiingereza lilipitisha mpango mmoja wa pamoja, Uingereza ikaufuata mwaka 2011 na Marekani ikaanza kuutumia rasmi tarehe 4 Januari 2016, na mpango huo ulifuta vifupisho tisa. Wako wazee kati yetu ambao vidole vyao bado vinavitafuta.

Wala isisemwe kwamba kompyuta haijui Kiswahili. Liblouis, programu huria inayogeuza maandishi kuwa breli na inayotumiwa ndani ya NVDA, programu ya kusoma skrini, ina majedwali ya Kiswahili cha Kenya, la herufi kamili na la vifupisho. Haiuzwi. Fundi aliyeacha programu yake kwenye Kiingereza aliacha kuchagua, na kuchagua kunachukua nukta ya dakika.

Katiba ya mwaka 2010 inasimama nasi. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, inakifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na hapo hapo inaiagiza Serikali iendeleze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia breli. Ziko ofisi zinazoisoma Ibara ya 54 peke yake, zikabandika nukta na kuhesabu kwamba zimeitimiza. Tunazisoma ibara hizi mbili kwa pamoja. Haki ya breli ni haki ya kusoma lugha, na lugha ya taifa ni Kiswahili.

Kwa hiyo tunatamka kwamba kila kibao cha umma kitakachowekwa Likoni, Kisauni na Changamwe kuanzia sasa kiwe na Kiswahili kwa herufi kamili, bila kifupisho hata kimoja. Kiingereza kikihitajika kikae chini yake, kwenye mstari wake, nacho kwa herufi kamili, bila kuchanganywa na Kiswahili. Kibao kikae ukutani upande wa kitasa cha mlango, mahali pamoja jengo zima, ili mkono ujue pa kwenda. Kivukoni Likoni, ambako umati hauna subira na maji yako karibu, tunaomba maelezo ya njia na ya hatari yapewe nafasi ya kwanza.

Tunadai pia kwamba pasiwe na kibao kinacholipiwa kabla hakijasomwa na asiyeona. Hili ndilo tunalolishikilia kuliko yote. Makosa yote tuliyoyataja yangeonekana kwa dakika moja lau msomaji mmoja angeitwa kwenye karakana. Mtu huyo alipwe kama anavyolipwa msahihishaji wa chapa yoyote, kwa kuwa hiyo ni kazi. Ikiwezekana waitwe wawili, mmoja aliyesoma shule na mwingine aliyejifunza ukubwani au chuoni, kwa sababu tumejionea kwamba vidole viwili huweza kusoma mambo mawili mahali pamoja.

Kuhusu vitabu, Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu vitengenezwe kwa breli na kuvushwa mipaka kwa ajili ya wasioona bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Tanzania nayo imejiunga. Lugha ni moja, nukta ni zile zile, na kutoka Tanga hadi Likoni ni safari ya siku moja. Tunaziomba maktaba za pande zote mbili zibadilishane vitabu zilivyo navyo. Tungependa mtoto wa shule ya Likoni amsome Muyaka kwa kidole katika mji alioishi Muyaka mwenyewe.

Kwa upande wetu, tumeunda kikundi cha wasomaji saba, watatu wa Likoni, wawili wa Kisauni na wawili wa Changamwe, wanaosoma Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu kwa nukta. Fundi yeyote anayetengeneza kibao anaweza kuwaita kabla hajagonga msumari. Tutaanza na ile ofisi iliyotualika. Tumeiandikia kuomba kibao cha mezani kiondolewe na kiandikwe upya, a, n, d, i, k, a, na kipande cha majaribio kiletwe kwetu kwanza. Mama wa Mtongwe amekubali kuwa wa kwanza kukigusa.

Limetolewa Likoni, Mombasa, tarehe 4 Januari, kwa wino na kwa nukta nundu, kwa niaba ya wanachama wote.

Mwenyekiti
Katibu
Mweka hazina